Mjane wa Ferragamo na Karakana Isiyofungwa

Aghalabu fundi stadi anapofariki, karakana yake nayo hufungwa. Mjini Florence, nchini Italia, ipo nyumba ya washona viatu ambayo wengi wangeitazamia ifikwe na hayo mwaka 1960, wala haikufikwa. Twaileta habari yake kwa wasomaji wetu wa visiwani, na hasa kwa wakuu waliokabidhiwa mambo ya viwanda vidogo.

Salvatore Ferragamo alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bonito, mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Alikwenda Marekani angali kijana, akawashonea viatu wacheza filamu wa Hollywood, na mwaka 1927 akarejea kwao, kwani mikono aliyoihitaji hakuipata ng'ambo. Mwaka 1933 alifilisika. Alipoanza kuinuka, serikali ya Mussolini ikaivamia Uhabeshi mwezi Oktoba 1935. Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, na chuma kizuri cha kutia ndani ya soli kikaadimika. Ferragamo akachukua gome la mti utoao vizibo vya chupa, livunwalo kisiwani Sardinia, akaziba kwalo pengo lililo baina ya kisigino na soli. Kiatu hicho kikaenea duniani. Ngozi ilipokuwa haba alitumia katani, nyuzi za mwale zilizosukwa mithili ya ukili wetu, hata karatasi ng'avu za kufungia peremende.

Wako waipendao mno sehemu hii ya habari, wakadai kwamba dhiki ndiyo mwalimu wa fundi. Sisi hatukubaliani nao. Dhiki ile ilizaliwa na vita vya dhulma, ambavyo Wahabeshi walimwagiwa gesi ya sumu, na si kila mshona viatu aliyekosa chuma aliyevumbua kitu. Kilichomfaa Ferragamo ni mafundi aliowakusanya na kuwafunza: yasemekana kufika mwaka 1950 walikuwa 700, wakitoa kwa mkono jozi 350 kwa siku. Yaani jozi moja ilikula kazi ya watu wawili kutwa nzima.

Salvatore alifariki mwezi Agosti 1960. Mkewe, Wanda, alikuwa na umri wa miaka 38 na watoto sita, wa mwisho hajafika hata umri wa kwenda skuli. Bibi huyu hakuwahi kufanya kazi nje ya nyumba yake. Angaliweza kuuza, na hapana ambaye angalimlaumu. Badala yake aliingia ofisini mwa marehemu mumewe akaanza kujifunza. Binti mkubwa, Fiamma, aliyekwisha kufunzwa na baba yake, alishika viatu. Giovanna akashika nguo, Fulvia hariri, na wavulana nao wakaingia kazini kwa zamu zao walipokua. Wanda aliongoza mpaka mwaka 2006, alipomwachia uenyekiti mwanawe Ferruccio. Wakati huo wajukuu walikuwa zaidi ya 20, na familia ikapatana kwamba ni watatu tu watakaoruhusiwa kufanya kazi katika kampuni. Wengine walibaki na haki yao ya mali, bila ya kupewa meza. Kampuni ilipoingia katika soko la hisa la Milan mwaka 2011, familia ilibaki na sehemu kubwa. Wanda alifariki mwaka 2018.

Katika mji huo huo Guccio Gucci alianzisha biashara yake mwaka 1921. Ufundi haukupungua, wala wanunuzi. Lakini wana na wajukuu walishitakiana mahakamani. Aldo alihukumiwa kifungo huko Marekani mwaka 1986 kwa kukwepa kodi, na aliyefichua ni mwanawe wa kumzaa, Paolo. Mwaka 1993 hisa za mwisho za familia ziliuzwa kwa Investcorp, kampuni ya Bahrain.

Kwetu, habari za mikopo na mafunzo kwa mafundi husikika mara kwa mara. Ni nadra kusikia mchonga makasha au sonara akiulizwa, angali hai, ni nani atakayeishika karakana yake na nani atakayepata fungu bila ya kuingia kazini. Mirathi ina sheria zake, nazo zinajulikana. Uendeshaji wa karakana ni jambo jingine. Tungependa swali hilo liandikwe katika fomu za maombi ya mkopo, na jibu lake litiwe saini na jamaa wote mbele ya sheha.