Nauli ya Yona

Twawaandikia kutoka Murongo, penye Mto Kagera, ambapo mtu akisimama ukingoni huiona Kikagati ya Uganda ng'ambo. Watu wa hapa si waoga wa safari. Mwenye ndizi za kuuza huvuka. Mwenye jamaa Mbarara hupata nauli. Lakini mtu aliyesikia moyoni wito wa kufundisha watoto, au wa kuwatazama wagonjwa kwa jina la Bwana, huanza kutafuta udhuru: mimi sikusoma sana, mimi si mchungaji, wapo wanaostahili kuliko mimi. Nasi huyasifu maneno hayo, ati ni unyenyekevu. Twakataa. Mara nyingi ni woga uliovaa kanzu ya unyenyekevu.

Hatusemi ovyo, maana kanzu hiyo tuliivaa wenyewe. Mzee mmoja wa kijiji aliugua siku nyingi, akaomba asomewe Maandiko. Tulikuwa watatu tuwezao kusoma vema, na kila mmoja alijua moyoni kwamba ndiye aitwaye. Kila mmoja akangoja mchungaji apite. Mchungaji alipita, siku ya mazishi.

Wako wasemao, Nitakwenda nikipata ujasiri. Basi twawauliza, Apolo Kivebulaya aliungojea wapi? Muganda huyu alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akaenda Mboga, katika nchi ya Kongo, ambako walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka. Hakuwa kasisi, ushemasi aliupata mwaka 1900, na ukasisi mwaka 1903. Alipigwa, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa akarudi kule kule. Mtawala Tabaro, aliyemtesa, mwisho alibatizwa. Apolo alifariki Mboga mwaka 1933, akazikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, wala si upande wa kwao, kama alivyoagiza. Kama angaliungoja ujasiri umfikie nyumbani, angalizeeka akingoja.

Wala si lazima kwenda mbali hata Kongo. Kwa jirani zetu wa Bukoba, kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910, Wahaya waliopokea mafundisho kutoka Uganda walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika kusoma na kuomba, Andrea Kajerero akiwa mmoja wa viongozi wao. Ni mmisionari gani aliyewatuma?

Mtu atatujibu kwamba wako wanaojiita wenyewe, wakapenda kiti kuliko kazi. Ni kweli, nasi tumewaona. Ndiyo sababu kanisa lina wazee, wampime mtu. Lakini hupimwa aliyesimama. Aliyejificha nyuma ya mlango wazee watampimaje?

Tena kuna udhuru wa fedha, ambao kwetu ndio mkubwa. Twaomba msome tena habari za Yona. Alipoukimbia uso wa Bwana alishuka Yafa, akapata merikebu, akalipa nauli. Fedha za kukimbilia hazikumpungukia! Nasi tukiyahesabu matumizi yetu ya mwezi mmoja, safari za ng'ambo, pombe ya ndizi (tusifichane, hata Wakristo), na mavazi ya arusi za watu, tutaona kwamba twailipa nauli ya Yona kila siku, kisha twasema hatuna cha kumnunulia mtoto kitabu.

Hapa kwetu watoto wa Jumapili wamekuwa wengi, hata wengine huketi nje chini ya mti. Mwalimu wao ni msichana mmoja ambaye hakumaliza masomo. Afunguapo kitabu mikono yake hutetemeka, nasi twaiona. Hutetemeka hivyo hivyo, akasoma. Wakubwa wa watoto hao wangeweza kufundishwa mbali na wadogo, lakini hana wa kumsaidia. Amekwisha kuomba mara mbili mbele ya kanisa apewe mwenzake, na mara zote mbili watu waliinamisha vichwa kama wanaosali.