Ijumaa ya Nani?

Vijana wetu wana hoja moja waipendayo mno. Ukimkataza mmoja wao kukesha na nyimbo, atakwambia: "Mimi sisikilizi upuuzi wa madisko. Mimi nasikiliza indi." Na indi, kwa asiyejua, ni muziki wa roki wa Kizungu uliopewa jina hilo kwa maana ya uhuru: kwamba wapigaji wake hawakutumwa na makampuni makubwa, bali wanaimba yaliyomo nyoyoni mwao. Basi kijana akitaja bendi mpya na albamu mpya hujiona mwanachuoni mbele ya majahili.

Natuutazame uhuru huo. Insafu yatutaka tukiri kwamba mwanzo wake ulikuwa na la kusifiwa. Mwaka 1977 bendi ya Buzzcocks ya Manchester, Uingereza, ilitoa santuri yake ya kwanza kwa paundi 500 za kukopa kwa jamaa na marafiki, bila ya kumpigia magoti tajiri yeyote. (Sisi ambao hata kijitabu cha kaswida twangoja mfadhili wa ng'ambo, hapo tuone haya kidogo.) Mwaka uliofuata ikazaliwa katika mji huo huo kampuni ya Factory, nayo ikafilisika 1992. Na mwaka huo huo wa 1992, kampuni ya Creation, iliyojulikana kwa huo uhuru, iliuza karibu nusu yake kwa Sony. Maziwa yakatiwa maji, jina likabaki maziwa. Jina hilo ndilo auziwalo kijana wetu leo.

Na hayo ya moyoni ni yepi? Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alijiua tarehe 18 Mei 1980. Umri wake ulikuwa miaka 23, mgonjwa wa kifafa, ana mke na mtoto mdogo. Miezi miwili baadaye albamu yao, Closer, ikaingia madukani, na juu ya jalada lake picha ya kaburi, iliyochaguliwa kabla hajafa. Watu wakainunua, na hata leo wainunua. Hatumsemi maiti; twamsema msikilizaji. Mwenzio alia kwa maradhi, nawe waipa huzuni yake alama, hii tamu kuliko ile, kisha wauliza nyingine itatoka lini?

Atajibu kwamba nyimbo hizo zamliwaza. Huenda ni kweli. Kijana ana huzuni ambayo nyumbani hakuna amwulizaye, na hapa wazazi wana fungu lao la lawama.

Lakini lililo kubwa ni hili. Tangu tarehe 10 Julai 2015 makampuni ya muziki ya ulimwengu yaliafikiana kwamba albamu mpya zitolewe siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo Uingereza ilikuwa Jumatatu, na Marekani Jumanne. Waliamua kwa hesabu za biashara, wala hawakutufikiria sisi kwa kheri wala kwa shari. Na hao wapigaji "huru" nao wakaifuata. Basi usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao majumbani mwetu husomwa Suratul Kahf na kusaliwa Mtume (S.A.W.), kijana yu kitandani, simu mkononi, angoja saa sita ipige. Alfajiri yampita amelala. Mchana, khatibu yu juu ya mimbari, naye ahesabu moyoni zilikuwa nyimbo ngapi.

Hatukuja kuufungua mlango wa khitilafu za wanavyuoni. Ibn Masuud aliifasiri aya ya 6 ya Sura Luqman kuwa ni nyimbo. Ibn Hazm alizidhoofisha Hadithi za kuharimisha ala. Imamu Ghazali akapambanua baina ya usikilizaji na usikilizaji. Lakini hata huyo aliyelegeza zaidi, je, alihalalisha kinachompitisha mtu Sala?

Enyi wazazi, msiwavunjie simu; watapata nyingine. Mkalishe mwanao, mwulize kwa upole: ile albamu uliyoikeshea Ijumaa tatu nyuma ilikuwa ya nani? Akilikumbuka jina, mwulize na khutuba ya siku ile ilihusu nini.