Haki inaanzia ku dirisha la grefe

Bandugu vijana wa Dilala na Manika,

Kila mara watu wanapohamishwa hapa kwetu tunalaumu kampuni za madini, tunalaumu gavana, tunalaumu juji. Ni sawa. Lakini kuna mahali tunapapita bila kupaangalia: dirisha la grefe. Hapo njo kesi nyingi zinakufia, mbele juji hajaona hata karatasi moja.

Tukumbuke Cité Gécamines. Mwaka 2015 mgodi wa shaba na kobalti ulifunguliwa tena katikati ya mji, pembeni ya watu karibu 39 000. Septemba 2023 Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa kwetu, walitoa ripoti: familia ziliondolewa, na malipo hayakutosha kupata nyumba ya kufanana na ile ya kwanza.

Sasa mtu wa namna hiyo afanye nini? Ibara ya 34 ya Katiba inasema mtu hanyanganywi mali yake ila kwa faida ya wote, tena alipwe kwa haki, mbele ya kutoka. Na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 imepanga mahakama za mambo ya utawala, mahali pa kushitaki uamuzi wa mkubwa wa serikali. Lakini iko na masharti: kwanza unamwandikia mkubwa mwenyewe, halafu unashitaki, na siku zinahesabiwa. Siku zikipita, kesi imekufa, hata kama haki ni yako.

Nani atamwambia mama muuza mboga habari ya siku hizo? Juji hawezi kumshauri. Avoka anaomba franga. Anabaki grefiye. Na grefiye anasema: «Mama, rudi kesho, mukubwa haiko.» Kesho: «Leta ya soda.» Kesho kutwa, siku zimeisha.

Hatuombi grefiye aseme nani ana haki. Ile ni kazi ya juji. Tunaomba aeleze njia: karatasi gani, siku ngapi, bei gani, kikao saa ngapi, cheti cha umaskini kinaombwa wapi. Kueleza njia si kuegemea upande. Kunyamaza njo kuegemea, kwa sababu kampuni na serikali wako na ma avoka wao. Mama hana mtu.

Watatujibu: mahakama inasema Kifaransa. Tusome Katiba pamoja basi. Ibara ya 142 inataka sheria zisambazwe pia kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili ndani, katika siku 60. Nani alishaona moja ku meza ya grefe? Ibara ya 18 inataka mtu akikamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayosikia. Yaani anayeshukiwa kuiba kuku aelezwe kwa lugha yake, na anayebomolewa nyumba asielezwe?

Watasema tena: wafanyakazi wa mahakama wanalipwa vibaya. Tunajua, na siku watadai mshahara tutasimama nao. Lakini ile ni deni ya Kinshasa. Mama wa Musonoi asiilipe.

Kwa hiyo tunadai:

– Bei zote zibandikwe ku ukuta, na kila franga iwe na resi.
– Kila karatasi inayopokelewa ipigwe muhuri na tarehe, na kopi irudishwe kwa mwenyewe.
– Wisiye akileta barua aisome kwa Kiswahili, mbele mtu hajasaini.
– Kikao kikiahirishwa, watu wajulishwe mapema. Mtu wa Kapata au Luilu asilipe safari ya bure.
– Mtafsiri awe kikaoni. Mzee na mlemavu wasikilizwe chini, wasipandishwe ngazi.

Haya yote hayangoji sheria mpya wala jengo mpya. Yanaweza kuanza kesho asubuhi.

Na sisi tuko na kazi yetu. Ukipokea barua, usiiweke chini ya godoro: andika tarehe palepale, kimbilia biro ya mashauri ya bure ya ma avoka. Jirani akiitwa, msindikize. Ibara ya 20 inasema vikao ni vya wazi, kwa hiyo tuingie, tukae, tuandike ya kila siku, bila makelele na bila woga.

Tutaonana ku kikao.