Kabla ya Kutia Sahihi

Wazazi wapenzi, mwataka kubadili mabati au kuongeza chumba, na fundi amewaletea karatasi ya mapatano. Msitie sahihi upesi. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888 na ingali inashikwa, yasema kwamba mapatano ya haki ni sheria kwao waliopatana. Mmoja peke yake hawezi kuyavunja, ila kwa sababu iliyokubaliwa na sheria.

Basi iandikwe kazi yote, bei, nani atanunua simenti, na siku ya kumaliza. Lipeni kadiri ya kazi iliyokwisha. Fanyeni nakala mbili, moja yenu, moja ya fundi.

Nawe mwanafunzi, msomee baba polepole. Neno lisiloandikwa ni vigumu kulihakikisha mbele ya hakimu.