Paka Wako Hana Roho Mbaya, Banda Lako Ndilo Lina Shimo

Wasee, leo naongea na makundi mawili yanayochukiana kimyakimya kwenye ploti za huku kwetu: wenye kuku na wenye paka. Kama unaishi Makutano ama Nkubu upande wa Meru, ama Runyenjes na Embu mjini, hii vita unaijua. Mmoja ana vifaranga 30 ndani ya boksi nyuma ya nyumba. Mwingine ana paka ambaye mchana kutwa analala juu ya mabati na usiku hakuna anayejua aliko. Asubuhi moja vifaranga ni 26. Kelele inaanza. Wiki hiyohiyo paka anapatikana amelala kando ya mtaro, amekauka, povu mdomoni. Kila mtu anajua kilichofanyika na hakuna anayesema kitu.

Maoni yangu ni haya, na najua nitatukanwa kwa komenti: sumu ni njia ya kijinga zaidi ya kulinda vifaranga, na "paka ni wa kujitafutia" ni njia ya kijinga zaidi ya kufuga paka. Hizo mbili zinasaidiana kutuletea hasara. Na zote mbili tungezimaliza kwa waya, chakula na dakika kumi za jioni.

Kabla mtu aseme nalilia paka na sijui uchungu wa mkulima, najua. Kwa msee wa miaka 21 aliyemaliza shule na hajapata kazi, vifaranga 30 wa kienyeji si mchezo wa watoto. Ni chapaa ya kesho. Amenunua kwa pesa ya kuunganisha, amenunua chakula agroveti, ameamka usiku kuangalia kama jiko limezima. Ukimwambia "pole, ni paka tu", unamtusi. Hasara yake ni ya kweli na inastahili jibu la kweli.

Sasa tuanze na swali ambalo hakuna anayeuliza: kwa nini paka anaenda kwa banda?

Sababu ya kwanza ni njaa, na hii ni yetu wenye paka. Huku kwetu kuna imani ya zamani kwamba paka akishiba hawezi kushika panya. Shosho aliamini, mathee akaamini, na sisi tumerithi. Kwa hivyo paka anapewa ugali uliobaki na maziwa kidogo, kisha anaambiwa ajitafutie. Lakini paka si mbwa. Mwili wake umeumbwa kula nyama. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho lazima akipate kwa chakula, na kiko kwa nyama na samaki, hakiko kwa ugali. Na maziwa, paka wengi wakubwa yanawaharishia. Kwa hivyo yule paka "mwizi" wa ploti yenu mara nyingi ni mnyama ambaye amekula tumbo likajaa lakini mwili bado unadai. Anajitafutia kama alivyoambiwa. Tatizo ni kwamba kifaranga hakimbii kama panya.

Sababu ya pili ni kwamba kuwinda si njaa peke yake. Paka aliyeshiba bado atawinda, kwa sababu hiyo hamu iko kwa damu. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, jamaa wa rangi ya mchanga ambaye hata hapa Kenya bado yuko porini. Utafiti wa jeni uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani walitoka kwa aina hiyo, wale wa Mashariki ya Kati. Walikaribia watu kwa sababu ya panya kwenye maghala ya nafaka. Tuliwapenda kwa sababu wanawinda. Sasa hatuwezi kushangaa kwamba kitu kidogo kinachotembea na kulia "piu piu" kinamwamsha.

Habari njema ni kwamba hamu hiyo inapungua ukiishughulikia. Uingereza walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wakapata kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani windo chache kwa asilimia 36. Wale waliochezewa dakika 5 hadi 10 kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Soma tena hapo. Chakula na mchezo. Hakuna fimbo hapo, hakuna mawe, hakuna maji ya moto.

Sababu ya tatu ndiyo huwa inasahaulika kabisa: joto. Tuko kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ikifika Juni na Julai, ukungu unashuka, nguo hazikauki, hata wewe unalala na soksi. Halafu nyuma ya nyumba kuna bruda, ile duara ya kadibodi ama mabati yenye jiko au taa katikati, imetulia, ina joto kuliko keja yako. Kwani wewe ungekuwa paka ungelala wapi? Wengine huingia kwanza kwa sababu ya joto, vifaranga wanashtuka na kuanza kukimbia, na kukimbia kwao ndiko kunamwamsha mwindaji. Mpe paka wako boksi lenye gunia kavu ndani ya nyumba, mahali upepo haufiki, na tayari umemwondolea sababu moja ya kutoka.

Sasa tuje kwa sumu, maana hapa ndipo nina hasira.

Mtu anayeweka nyama yenye sumu nyuma ya banda anadhani anamlenga paka mmoja. Lakini nyama haina anwani. Mbwa wa jirani atakula. Mtoto wa miaka miwili anayetambaa kwenye ploti ataishika. Na wale kuku wako mwenyewe unaowafungulia asubuhi, kuku anadonoa kila kitu, si unajua? Kenya tunajua vizuri sumu inavyosambaa. Dawa ya wadudu ya Furadan iliwekwa kwenye mizoga kuua simba, ikaua na ndege wala mizoga kwa wingi, mpaka mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa kwenye soko la Kenya. Kama sumu ilishindwa kuchagua pale mbugani kwenye nafasi yote ile, itachagua aje kwenye ploti yenye milango kumi na mtaro mmoja?

Tena kuna sheria. Kumtesa mnyama ni kosa Kenya, chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Haijalishi mnyama ni wako ama ni wa jirani. Kumwagia paka maji ya moto si "kumfunza adabu". Ni ukatili, na unaweza kupelekwa kortini.

Na hata tukiweka huruma kando, hesabu yenyewe haikubali. Paka akiondoka, panya hutawala. Hiyo methali si mapambo, ni hali halisi ya banda la kuku. Panya wanakula chakula cha kuku, wanakula mayai, na panya mkubwa hubeba kifaranga mdogo mzima mpaka shimoni. Ukiua paka wa mtaa ili kulinda vifaranga, umefukuza askari ukabaki na wezi. Isitoshe, si kila kifaranga aliyepotea alienda na paka. Mchana kuna mwewe. Usiku kuna kanu na nguchiro, hasa kama ploti yenu imepakana na shamba la kahawa ama kichaka cha mtoni. Umemhukumu paka bila ushahidi, na mwezi ujao vifaranga bado wanapungua.

Basi tufanye nini? Naanza na wenye kuku na sungura, kwa sababu banda ndilo la haraka.

Ile waya ya kuku ya matundu ya pembe sita tunayonunua hadiwea imetengenezwa kuzuia kuku asitoke. Haikutengenezwa kuzuia paka asiingize mkono. Paka hahitaji kuingia. Anaingiza mguu, ananasa kifaranga aliyelala karibu na waya, anavuta. Kwa hivyo sehemu ya chini ya banda, kama futi mbili kutoka ardhini, weka waya ngumu yenye matundu ya nusu inchi. Kama pesa ni ndogo, funika hiyo sehemu na mbao za ofukati ama kipande cha bati. Juu acha waya ya kawaida hewa ipite. Bruda lazima iwe na kifuniko cha waya. Boksi lililo wazi juu ni sahani tu. Na mlango uwe na komeo la kweli, si kamba ya kufunga na kufungua. Paka ana subira kuliko wewe.

Kwa sungura, kumbuka kwamba paka anaweza kuharibu bila kugusa. Sungura jike mwenye watoto akishtuka usiku kucha anaweza kuwakanyaga watoto wake, hata kuwaua. Inua kizimba kifike kiuno chako, usiweke kitu chochote kando ambacho paka anaweza kupanda, na sehemu ya kuzalia iwe na kuta za mbao pande zote. Na kama paka amemkwaruza ama kumuuma sungura, hata kidogo, tafuta daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mate ya paka yana bakteria ambao wanaweza kumuua sungura baada ya kidonda chenyewe kuonekana kimepona.

Sasa wenye paka. Msijifiche, nawaona.

Lisha paka wako kila siku, na mlo mkubwa uwe jioni kabla ya giza, kwa sababu magharibi na alfajiri ndizo saa zake za kuwinda. Si lazima chakula cha dukani. Omena ya bob 50 iliyochemshwa bila chumvi inaenda siku kadhaa. Vichwa vya samaki, matumbo, mapafu, bucha ana vitu anauza bei ya chini. Kisha funga manyoya ama kitambaa kwenye uzi, mchezee dakika kumi ukiangalia simu kwa mkono mwingine. Baada ya hapo mfungie ndani mpaka asubuhi, na mkebe wa mchanga pembeni. Paka anayelala ndani usiku hawezi kushtakiwa na mtu yeyote.

Yale mengine ya ndani ya nyumba pia yana dawa. Anakwaruza kochi kwa sababu lazima anoe kucha na kunyoosha mgongo, hawezi kuacha. Funga kamba ya katani ama gunia kwenye mti uliosimama imara, uweke kando ya kochi, si kona ya mbali ambako hana haja nayo. Anapanda mezani kwa sababu sufuria iko wazi. Funika, ondoa mabaki, na baada ya muda meza inakuwa mahali pa kuchosha tu. Kumchapa hakufundishi hicho unachofikiri. Ukimchapa dakika tano baada ya kosa, haunganishi fimbo na nyama. Anaunganisha fimbo na wewe. Atajifunza kuiba ukiwa umetoka.

Na tafadhali, wapelekeni wakahasiwe. Paka jike anaweza kushika mimba kabla hajafikisha miezi sita, anabeba kama wiki tisa, na anaweza kuzaa mara mbili ama tatu kwa mwaka. Wale watoto tunawaweka kwa katoni tunaenda kuwaacha sokoni usiku. Tukirudi tunalalamika mtaa umejaa paka wenye njaa. Walitoka wapi, mbinguni?

Kuna swali la mwisho: nani alipe? Maoni yangu ni kwamba paka ni wako hata saa nane usiku. Akila kifaranga cha jirani na ushahidi upo, lipa bila kuzunguka. Mwenye kuku naye asidai pesa ya vifaranga waliokuwa kwa boksi lisilo na kifuniko. Hiyo ni hasara mliyoitengeneza pamoja, na bora zaidi mchange mnunue waya. Bei ya mita chache za waya ni ndogo kuliko vifaranga 30, na ni ndogo zaidi kuliko kuishi ploti moja na mtu unayejua aliua mnyama wako. Ongeeni kwa grupu ya WhatsApp ya ploti kabla ya vifaranga kuletwa, si baada ya wanne kupotea.

Leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, nenda kwa banda lako uzunguke polepole. Kila tundu unaloona, jaribu kupitisha vidole vitatu. Vikipita, mguu wa paka unapita. Anzia hapo, kabla hujaenda kugonga mlango wa jirani.