Mtoto Akiuliza, Mjibu

Mwanao akirudi likizo na kukuuliza habari za ngoma, harusi au mazishi ya kwenu ya zamani, usimwambie kwamba hayo yamepitwa na wakati.

Katika miaka ya 1930, kwenye kisiwa cha Gorée nchini Senegali, kilikuwako Chuo cha William Ponty. Hapo Wafaransa waliwafunza ualimu, kwa Kifaransa, vijana wachache kutoka makoloni yao ya Afrika Magharibi. Wakati wa likizo vijana hao walipewa kazi ya kuwauliza wazee wao mila na hadithi za kwao. Waliporejea chuoni, walizigeuza kuwa michezo ya kuigiza: mazungumzo kwa Kifaransa, nyimbo kwa lugha za mama zao. Bernard Dadié wa Kodivaa aliandika juu ya Assémien Déhylé, mfalme wa Sanwi. Mwaka 1937 wanafunzi walicheza Paris, katika ukumbi wa Champs-Élysées.

Mkoloni alikuwa na shabaha yake, nayo ni kuwajua zaidi aliowatawala. Lakini faida haikubaki kwake. Dadié alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa Afrika. Keita Fodéba wa Guinea, aliyesoma Ponty baadaye, aliunda Les Ballets Africains, kundi lililokuwa la taifa lake baada ya uhuru wa 1958.

Wazee wale walijibu maswali yaliyotoka katika shule ya mkoloni. Sisi tuliojitawala, tuna udhuru gani wa kuwanyima watoto wetu majibu?