NYUFA ZA BOTI ZA FAIBA: RANGI SI DAWA

Doria za Jeshi la Uganda dhidi ya uvuvi haramu katika Ziwa Victoria zilipoanza mwaka 2017, mkazo mkubwa uliwekwa juu ya urefu wa mashua: usipungue futi 28. Kipimo hicho kilikuwa na maana, lakini urefu peke yake hauzuii maji kuingia. Leo, boti za faiba zikizidi kuchukua nafasi ya mbao, na Serikali ya jirani zetu Tanzania ikiwa imewakopesha wavuvi boti za kisasa, hatuna budi kujiuliza: zikipasuka, nani atazitengeneza?

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Juu yake hupakwa ngozi nyembamba, ambayo unene wake ni kama nusu milimita. Ufa ulio katika ngozi hiyo tu ni jambo dogo. Lakini ufa uliofika kwenye nyuzi hupitisha maji, nayo hudhoofisha mwili wa chombo na kuozesha mbao zilizofichwa ndani, hasa tezini, inapofungwa mashine.

Mafundi wetu ni hodari wa kukalafati mbao. Kwa mazoea hayo, baadhi yao huutazama ufa wa faiba kama upenyo kati ya mbao mbili: huujaza gundi, wakapaka rangi, na boti ikarudi majini jioni ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa faiba hauna budi kuchimbuliwa kwanza, ndipo uzibwe.

Kazi yenyewe yataka subira. Boti huanikwa mpaka ikauke kabisa. Sehemu iliyovunjika hukwanguliwa hadi kwenye faiba nzima, na kingo zake huchongwa kwa mteremko wenye upana wa mara 12 ya unene: ubavu wa milimita 5 wahitaji milimita 60 kila upande. Vumbi na mafuta husafishwa kwa asetoni. Kisha mikeka ya nyuzi hulowanishwa resini na kupangwa tabaka juu ya tabaka, huku mapovu ya hewa yakikamuliwa kwa rola. Dawa ya kugandisha kwa kawaida huwa asilimia 1 hadi 2 ya resini. Ikipungua mno, resini haikomai; ikizidi, huchemka na kupasuka. Dawa hiyo yaweza kupofusha macho, na vumbi la kioo hudhuru mapafu. Miwani na barakoa ni lazima.

Aidha, chanzo cha ufa lazima kiondolewe. Ikiwa ubavu hunepa kwa kukosa mataruma ya kutosha, au boti huburutwa juu ya mawe kila asubuhi, kiraka kizuri nacho kitapasuka.

Kwa hiyo, kila mpango wa kununua boti hauna budi kuwa na fungu la matengenezo: banda kavu katika mialo mikubwa, resini isiyopitwa na wakati, na mafunzo ya faiba katika vyuo vya ufundi. Wakaguzi nao, pamoja na kupima urefu, waguse mkuku na tezi. Mvuvi anayeondoka usiku kuelekea visiwa vya Ssese hawezi kuona kilichofichwa chini ya rangi mpya. Dhoruba ikivuma, ni yeye na wenzake watakaolipa.